Mwaka Tuliomkana Khalfan

Bimkubwa, bibi yangu, alifariki Ibra, mji wetu huku kwa Waarabu, mwezi wa Shaabani, Jumatatu asubuhi, na kufikia alasiri ya siku ya pili nyumba ilikuwa imejaa wanawake kutoka Fanja, Al Qabil na Sur, wamekaa chini wameegemea mito, kahawa inazunguka na sahani za tende zinarudi jikoni nusu. Khalati mmoja wa Fanja, mdogo wake Bimkubwa kwa ukoo, aliniinamia sikioni. "Asya, wewe ndiye uliyekuwa naye zaidi. Hebu tusimulie, alikuwa mtu wa namna gani?" Nikatoa jibu la msibani: alikuwa mkarimu, alikuwa na subira, hakumnyima mtu chakula. Wakaitikia, wakamrehemu, na katika hayo hapakuwa na uongo. Lakini aliyenijia mbele ya macho alikuwa bibi yangu wa mwaka mwengine, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na tatu, wakati baraza la nchi ya mbali lilipokaa kuamua kama kaka yangu Khalfan ni mtu mkweli au mzushi wa nyaraka. Ukoo wetu sitaueleza. Anayeutaka awaulize akina khalati, watampa mpaka babu wa saba. Mimi nitaeleza yaliyotokea, kwa mpangilio wake, kwa sababu kazi yangu ya baadaye ilikuja kuwa kuandika habari za watu wengine, na hii ndiyo habari ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu, nikiwa pia mtu aliyeiharibu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, karibu na barabara ya sokoni. Chini palikuwa na karakana ya Ami Seif, ndugu yake baba, aliyetengeneza viyoyozi, majokofu na maghala ya baridi ya kuwekea tende. Juu tulikaa sisi. Palikuwa na laini moja tu ya simu ya mezani, na mikono miwili: mmoja karakana, mmoja ukumbini juu ya meza ndogo, kando ya mkeka aliokaa Bimkubwa kutwa. Khalfan alifanya kazi karakana ile miaka minne. Namkumbuka akipanda ngazi mchana, viganja vyeusi kwa mafuta ya kompresa, na Bimkubwa akimzuia mlangoni: "Hukanyagi busati langu na miguu hiyo, weye." Kisha akaenda Australia kwa mkataba wa muda, akamchukua mkewe Thuwaiba, na mwenye kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi akampenda kwa sababu alikuwa hodari na hakuchelewa. Mzee yule akakubali kumdhamini kwa viza ya kudumu. Sharti moja lilikuwa athibitishe kwamba alikwisha kuifanya kazi ile miaka mitatu kabla. Ami Seif akatia saini barua ya ushahidi, nikaiandika mimi kwa Kiingereza, na chini kabisa nikaweka namba ya simu ya nyumba. Ndiyo namba tuliyokuwa nayo.

Sasa lazima nieleze kanuni ya nyumba yetu, maana bila hiyo hakuna kinachofahamika. Mgeni akiuliza mwanamume wa nyumba kwa jina lake kamili, jina na la baba na la babu, basi mwanamume huyo hayupo na hatumjui. Hakuna aliyetukalisha kutufundisha. Tulikua nayo kama tulivyokua na kuvua viatu mlangoni. Mtu wa sensa alipokuja, Bimkubwa alimwambia nyumba ina wanawake wawili na paka, na wakati ule wanaume watano walikuwa chumba cha pili wanakula. Mara moja walipiga simu watu wa duka fulani la mjini kumtafuta Seif bin Saleh kwa jina lake refu. Ameshinda jokofu katika bahati nasibu. Bimkubwa akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Jokofu likaenda Sur. "Fundi wa majokofu," Ami Seif alikuwa akisema kila akilikumbuka, "nimenyang'anywa jokofu na mamangu mzazi." Tulicheka sana. Leo nikifikiri, naona kwamba tulikuwa tukicheka kando ya shimo.

Simu iliyotuangusha ililia saa nane mchana, karakana imefungwa, Ami Seif amelala. Upepo wa moto wa gharbi ulikuwa unapiga madirisha tangu asubuhi na Bimkubwa alikuwa anachambua mchele. Nikainua mimi. Alikuwa mwanamke, Kiarabu chake cha Sham, sauti ya ofisini. Akaniuliza: mnamjua Khalfan bin Hamed bin Saleh? Bimkubwa alilisikia lile jina likitoka kwenye simu, au aliliona usoni mwangu, sijui. Aliacha mchele. Akainua kidole kimoja na kukitikisa polepole, kushoto, kulia. "Simjui," nikasema. Amewahi kufanya kazi hapo? "Hapana." Hapo si karakana ya viyoyozi? "Hii nyumba ya watu," nikasema. Akanishukuru kwa adabu. Nilirudisha mkono wa simu na Bimkubwa akarudi kwenye mchele wake. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Nilikuwa na shahada ya chuo cha Nizwa, nilikuwa nimeiandika barua ile kwa vidole vyangu, na bado haikunipitikia kwamba aliyepiga ni mtu wa viza. Au ilinipitikia nikaisukuma.

Baada ya wiki chache Khalfan akapiga. Idara ya uhamiaji imemwandikia: tumepiga simu kwenye kazi yako ya zamani, aliyejibu amesema hakujui, una maelezo gani? "Nani kapokea?" akauliza. Ami Seif akauliza nyumba nzima. Bimkubwa akaomba kahawa. Mimi nikasema labda walikosea namba. Khalfan akawaandikia hivyo hivyo, kwamba labda wamekosea namba, akiamini dada yake. Jibu la mwisho lilikuja mwezi wa pili wake, kurasa sita, nikazisoma kwa sauti ukumbini na kuzifasiri. Ombi limekataliwa. Barua ya ajira haikuaminika. Mwanamke aliyejibu kwenye namba iliyoandikwa na mwombaji mwenyewe alikana kumjua, akakana kwamba pale pana karakana. Kwa hivyo waraka umehesabiwa kuwa wa kughushi, na mwenye kuleta waraka wa kughushi hazuiliwi viza hii tu, anafungiwa miaka mitatu. Njia iliyobaki ilikuwa kuomba mapitio mbele ya baraza linalojitegemea. Likikataa nalo, ataondoka na mke mwenye mimba, kazi imepotea, na neno la uongo limekaa kwenye jalada lake kila atakapoomba kitu maishani. Nilipofika penye neno "mwanamke" nililiruka, kisha nikarudi nikalisoma. Ami Seif alidhani ni huruma.

Zikaanza siku ambazo mpaka leo sipendi kuzikumbuka. Bimkubwa hakuwa anajua kusoma Kiingereza wala hakuuliza maana ya baraza, lakini alikuwa ameshafahamu lililomhusu: wako watu wenye karatasi, wana jina la Khalfan mpaka la babu yake, na wanauliza alikuwa wapi. Akaanza kumfuta. Siku ya kwanza niliona ukutani msumari mtupu ilipokuwa picha yake ya harusi. Siku ya tatu kanzu zake zilikwenda kwa maskini. Gari jeupe lilisimama mkabala na nyumba siku mbili mfululizo, la watu wa kupima mabomba ya maji, na siku zote mbili Bimkubwa hakutia kitu kinywani, alikaa nyuma ya pazia akilitazama. Kisha Ami Seif akashuka kutafuta vitabu vya kazi vya karakana, vile ambavyo mafundi huandika tarehe, jokofu la nani, lina ugonjwa gani. Khalfan aliviandika miaka minne kwa mkono wake, na wakili aliyemchukua huko kwa ajili ya baraza alivitaka. Vilikuwa vitatu. Tukakikuta kimoja, kimesukumwa nyuma ya kabati. Viwili vilikuwa kwenye tanuri la uani. Nilichokoa jivu kwa kijiti, nikatoa kipande chenye neno moja la mwandiko wa kaka yangu: *inavuja*.

"Umevichoma, mama?" Ami Seif aliuliza. Hakupandisha sauti.

"Vilikuwa na jina lake."

"Ndiyo maana tulivitaka."

"Na wao ndiyo maana wanavitaka," akasema Bimkubwa, akaomba maji ya kutawadha.

Nilisikia sababu yake kwa bahati, au kwa tabia yangu ya kusimama nyuma ya milango. Khalati wa Fanja, yule yule, alikuwa amekuja kumtazama, na mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai ya maziwa. Walizungumza kwa Kiswahili chao cha Mji Mkongwe, cha haraka, wanachokitumia wasipotaka watoto wafuate. Khalati alikuwa akimlaumu kwa kutokula. Bimkubwa akasema, kama mtu anayesoma orodha ya soko, kwamba mwaka wa mapinduzi walipokuja nyumbani kwao Unguja hawakuvunja mlango. Walibisha hodi. Mmoja alikuwa na karatasi. Akasoma jina la kaka yake, Khalfan, na la baba, na la babu, vizuri, bila kukosea, kama katibu wa skuli. "Na miye nikasema yupo. Yuko uani anakoga. Nikawakaribisha wakae." Khalati akasema, "Ulikuwa mtoto, dada." Bimkubwa akasema, "Nilikuwa na miaka ishirini na mwana kifuani. Nikawaletea na maji." Chai ilifurika na nikazima jiko. Jina la kaka yangu tulilijua limetoka kwa nani. Tulikuwa tumeambiwa kaka huyo wa Bimkubwa alikufa kwa homa.

Siku ya pili yake nikakiri, wakati wa chakula cha mchana, wali na mchuzi wa papa, kwa sababu ndipo watu wote walipokuwa wamekaa na sikuona pa kukimbilia. Ami Seif alikuwa anachambua miiba. Akaendelea kuchambua.

"Ilikuwa wewe."

"Mimi, ami."

"Barua uliandika wewe, na simu ukajibu wewe."

"Ndiyo."

"Miaka minne Nizwa tumekusomesha Kiingereza na Kiarabu, ili useme 'simjui' kwa lugha mbili." Kisha akamtazama mama yake, akayaona aliyoyaona, na hakuniuliza tena kwa nini. Alinionya jambo moja tu. "Ukisimama mbele yao ukasema uliongopa siku ile, watauliza kwa nini wakuamini leo." Khalfan nilimwambia jioni ile. "Asya," akasema, "niliwaandikia wamekosea namba. Nimewaongopea na mimi, kumbe." Hakuniambia amenisamehe na sikumwomba. Wakili wake alitaka tuzungumze wawili, mimi na Bimkubwa, na akaomba mkalimani wa Kiswahili awe tayari endapo bibi atakubali. Bimkubwa alikataa. "Wanataka mtu wa nyumbani akubali kuwa yupo," aliniambia, akinishika kifundo cha mkono. "Wakishakubaliwa hayo, hawana haja nawe tena. Usiwape, mwanangu."

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi kwao, saa kumi na mbili kwetu, tumetoka kusali alfajiri. Nilivaa kama naenda mahakamani ingawa hakuna aliyekuwa akiniona. Simu niliiweka kwenye spika juu ya meza ndogo ya ukumbini. Nilimwomba Bimkubwa aende chumbani kwake. Alikaa pale pale kwenye mkeka wake, mgongo wima, buibui mpaka kwenye paji. Ami Seif hakuweza kukaa, akashuka karakana na kuanza kugonga kitu. Mjumbe wa baraza alikuwa mwanamke, sauti ya taratibu, ya mwalimu anayejua jibu na anasubiri ulifikie. Aliniapisha. Nikaeleza simu, saa, maneno yaliyosemwa, kanuni ya nyumba. Akauliza niliyoyategemea: kwa hivyo unakiri ulisema uongo kwa afisa wa serikali? Ndiyo. Na barua ya ajira uliiandika wewe? Ndiyo. Na kaka yako atanufaika leo nikikuamini? Ndiyo. Kila "ndiyo" nilihisi namsukuma Khalfan hatua moja nyuma, kuelekea mlangoni. Nikasikia karatasi zinafunuliwa. Akauliza: aliyekuashiria kwa kidole ni nani? Bibi yangu. Yuko wapi? Yuko hapa, nikasema, amekataa kutoka.

"Ningependa kumuuliza maswali machache," akasema mjumbe. Nikasikia wakili akivuta kiti. Mkalimani akaunganishwa, mwanamume wa bara, Kiswahili chake cha kusafishwa. "Shikamoo, mama," akasema.

Bimkubwa aliitazama simu. Hakuwahi kumwacha mtu na shikamoo yake hewani. "Marahaba," akasema.

"Mama, mheshimiwa anauliza, unamfahamu mtu aitwaye Khalfan bin Hamed bin Saleh?"

Alilisoma vizuri, lote, bila kukosea. Nilitaka kusema, nikakumbuka kiapo.

"Simjui."

"Si mjukuu wako?"

"Sina mjukuu wa jina hilo."

"Hajawahi kufanya kazi katika karakana ya mwanao Seif?"

"Mwanangu hana karakana." Chini yetu Ami Seif alikuwa anapiga bomba kwa nyundo, kwa nguvu, na sauti ilipanda ngazi yote ikaingia kwenye simu. Mjumbe akauliza ni kelele gani ile. Mkalimani akafasiri.

"Jirani," akasema Bimkubwa.

Nilifumba macho. Nikaona kazi imekwisha: mashahidi wawili, mmoja amekiri uongo na wa pili ameutoa tena palepale mbele ya baraza. Mjumbe akasema jambo, polepole, na mkalimani alipolifasiri sauti yake haikuwa ya ofisini tena. "Mama, mheshimiwa anasema, kijana huyo yuko naye chumbani. Amekaa mbele yake. Amekusikia ukisema humjui, na analia. Anauliza kama una neno lolote la kusema."

Bimkubwa akaisogelea simu kwa magoti. Mikono aliiweka chini, kama mtu anayeomba radhi kwa mkubwa wake.

"Mwambie," akasema, "kama unaye, mwache aende. Yule mwengine nilikupeni. Huyu mwacheni aende."

Mkalimani akafasiri neno kwa neno, na baada ya hapo mjumbe hakuuliza kitu kingine, si kwa Bimkubwa wala kwangu, akatushukuru na laini ikakatika. Ami Seif alipanda, nyundo bado mkononi, akauliza imekuwaje. Nikamwambia sijui. Bimkubwa alikuwa bado amepiga magoti, nikamwinua, naye alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Tulingoja wiki saba. Simu ilipolia hakuna aliyekimbia kuipokea. Uamuzi ulikuja kwa barua pepe na nimeuhifadhi. Wa mwanzo umetenguliwa, ombi linarudishwa idarani likaangaliwe upya, kwa maelekezo kwamba barua ya ajira si ya kughushi. Kuna aya fupi, ya karibu na mwisho, ambamo mjumbe anaandika kwamba shahidi mzee alimkana mwombaji chini ya hali ambayo haikuacha shaka kwamba anamjua na anampenda, na kwamba jibu lolote lililotolewa kwa simu katika nyumba ile kwa mgeni haliwezi kupewa uzito. Nimewahi kusoma hukumu nyingi tangu hapo. Sijaona nyengine iliyotusema sisi hivyo. Nilimfasiria Bimkubwa, nikamwambia Khalfan yuko salama, hawatamtoa. Aliitikia kwa kichwa bila kushangaa. "Nilikwambia. Ukisema humjui, wanakwenda zao." Hapo ndipo nilipofahamu kuwa hatutaweza tena kumtoa kwenye imani ile, maana sasa tulikuwa tumempa ushahidi wake. Picha ya harusi hakuirudisha ukutani. Jina la Khalfan halikutoka tena kinywani mwake, na sisi tukalitaja mbele yake kwa kunong'ona, kama nyumba iliyo na mtu mafichoni.

Ijumaa ya kwanza baada ya uamuzi, alasiri, Khalfan alipiga. Mtoto amezaliwa, wa kike. Alicheka, mara ya kwanza tangu miezi. "Nipe Bimkubwa," akasema. Nilimpa mkono wa simu na nikakaa karibu vya kutosha kusikia. "Shikamoo, Bimkubwa. Mimi Khalfan."

"Marahaba," akasema. Alikuwa ameukamata mkono wa simu kwa viganja vyote viwili. "Umekosea namba, mwanangu. Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Nikanyoosha mkono niichukue. Akanigeuzia bega. Hakuikata. Upande wa pili Khalfan naona alifahamu, kwa sababu alianza kusema kama mtu anayezungumza na mama asiyemjua aliyekutana naye kwenye foleni: kwamba amepata mtoto, mkewe mzima, kuna baridi, jana alipanda juu ya paa la kiwanda cha samaki kutengeneza kompresa na upepo ukataka kumchukua. Bimkubwa alisikiliza yote, macho yake kwenye mlango. Alipomaliza, akamuuliza kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza msafiri: "Na huko uliko, baba, unakula?"

Ijumaa iliyofuata, saa ile ile, alikosea namba tena.